Taulo la Ng'ambo ya Mto

KITUO KIDOGO CHA POLISI, DARAJA LA NAGUSA

MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Mtu kupatikana ndani ya eneo lililofungwa
Jina la shahidi: Tsuneko Hatakeda
Umri: Miaka 74
Kazi: Mkulima wa figili na kabichi
Makazi: Nagusa, ukingo wa magharibi wa mto, nyumba ya mwisho kabla ya daraja
Tarehe ya maelezo: 30 Novemba, saa nane mchana

Mimi niliyetajwa hapo juu ninatoa maelezo haya kwa hiari yangu, mbele ya Sajini Ryohei Minagawa. Sajini mwenyewe alikuwepo siku mtu huyo alipopatikana, kwa hiyo mengine anayajua. Lakini amesema wakubwa wake wa mjini wanataka yatoke kinywani mwangu. Wanauliza nilijuaje kwamba kuna mtu ndani ya nyumba iliyohesabiwa kuwa tupu. Nitaeleza. Naomba yaandikwe kama ninavyoyasema, hata yale yasiyopendeza.

Mtu aliyepatikana ni Bwana Genzo Kurihata, umri miaka 78, mgane, hana mtoto. Alifanya kazi katika mtambo wa nyuklia wa pwani kwa miaka thelathini, upande wa pampu zinazopoza vinu, mpaka alipostaafu. Nyumba yake iko ukingo wa mashariki na inatazamana na yangu. Mto wetu ni mwembamba. Kukiwa kimya, akikohoa namsikia. Pamoja na hayo, mimi na yeye hatusemezani, na huu ni mwaka wa kumi na tisa.

Sababu ya kununiana ni kinu cha pili. Kilipotaka kujengwa, Bwana Kurihata alitumwa kupita nyumba kwa nyumba kutuomba tukubali. Wengi walikubali. Mimi na marehemu mume wangu tulikataa. Kulikuwa na mkutano katika ukumbi wa mtaa, nikasimama mbele ya watu nikamuuliza: "Na kikivuja, Bwana Kurihata?" Akasema: "Hakivuji." Nikasema: "Nakuuliza kikivuja." Akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema: "Kikivuja, mimi nitakuwa wa mwisho kuondoka Nagusa. Mmenisikia wote." Watu wakampigia makofi. Mimi nikamwambia ahadi ni deni, nikatoka. Tangu siku ile, tukikutana darajani kila mtu anatazama maji yake.

Naeleza habari ya taulo. Bwana Kurihata ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya usalama ya mtaa. Kila mwaka tulifanya zoezi la kuhama, na yeye ndiye aliyeanzisha utaratibu huu: nyumba ikishatoka watu wote, wafunge taulo jeupe langoni. Wakaguzi wakiliona wanapita, hawashuki garini. Alieleza kuwa siku ya kweli kila dakika nje ni mionzi mwilini mwa mkaguzi, kwa hiyo taulo litaokoa watu. Hilo sikulibishia, lilikuwa jambo la akili. Lakini taulo sikulifunga hata mwaka mmoja. Nilikaa barazani nikichambua maharage, na wakaguzi wakapita wakaandika: nyumba ya Hatakeda, mtu mmoja, yumo. Niliambiwa kwamba jambo hilo lilimkosesha usingizi, maana hakuwahi kufikisha asilimia mia.

Mnamo tarehe 9 Novemba, asubuhi, lilipita tetemeko kubwa. Vyombo vyangu vilivunjika na figili nilizotundika kwenye upenu zikaanguka zote. Saa tano, kipaza sauti cha mji kikatangaza kwamba umeme wa mtambo umekatika na pampu za kupoza zimesimama. Saa saba kikatangaza amri. Mpaka uliwekwa mtoni. Wa upande wa mashariki wote waondoke mara moja. Wa upande wa magharibi tufunge madirisha, tusitoke ovyo, na tusianike nguo nje.

Niliwatazama kutoka jikoni wakiondoka. Mabasi yalikuwa mawili. Bwana Kurihata alikuwa amevaa koti lake la kamati, akipandisha vikongwe mmoja mmoja, akiwagawia vidonge vya madini joto, akihesabu vichwa. Kisha akarudi kwake, akafunga taulo langoni, akabeba mkoba. Basi la kwanza likaondoka likidhani amepanda la pili. La pili likaondoka likidhani amepanda la kwanza. Haya nimeyajua baadaye. Siku ile nami nilidhani ameondoka, na nakiri nilisema moyoni: ahadi ya mwenyekiti imekwenda na basi. Gari la wazimamoto wa kujitolea likapita, likaona mataulo kila lango, halikusimama.

Saa kumi na moja jioni kipaza sauti kilipiga wimbo wa jioni, kama kila siku. Wimbo ule unajipiga wenyewe. Ni wimbo wa kuwaambia watoto warudi nyumbani, na kwetu wanawake ni wakati wa kuanua nguo. Hapa kwetu nguo haipitishi usiku nje. Mama mkwe wangu angenipiga kwa ufagio. Wimbo ulipokwisha nikachungulia ng'ambo. Mataulo yote yalikuwa langoni, isipokuwa la kwa Kurihata.

Nilidhani limeangushwa na upepo. Asubuhi ya tarehe 10 nikachungulia tena. Lilikuwepo, limefungwa vizuri. Jioni, baada ya wimbo, halikuwepo.

Nilielewa hapo hapo, na nilicheka peke yangu kwa mara ya kwanza tangu tetemeko. Mtu amejificha. Ametundika alama ya kusema hayumo. Halafu ikifika jioni anashindwa kuiacha nje, kwa sababu tangu alipofiwa na mkewe ni yeye anayeanua, na mkewe alimfundisha vizuri. Mwizi asingefanya hivyo. Mgeni asingefanya hivyo. Ni mtu wa Nagusa tu anayeweza kujificha asionekane na serikali nzima halafu akatoka kuanua.

Tarehe 11 asubuhi nilipiga simu ofisi ya mji, iliyokuwa imehamia shule ya bara. Nataka hili liandikwe wazi, kwa sababu nimesikia wanasema hawakuambiwa. Nilizungumza na kijana mwenye sauti ya mafua. Nikamwambia kwa Kurihata kuna mtu, taulo lake linaingia na kutoka.

Akasema: "Bibi, nyumba ile ina alama. Imehesabiwa."

Nikasema: "Alama inaanuliwa jioni na kuanikwa asubuhi."

Akasema: "Labda ni upepo, bibi."

Nikamuuliza: "Upepo gani huo, mwanangu, unaofunga fundo?"

Akasema ataliwasilisha. Kama aliliwasilisha, sikuona mtu. Simkasirikii sana, maana alikuwa na watu elfu nne sakafuni mwa shule wanaotaka mablanketi.

Sikupiga tena. Naomba nalo liandikwe. Mwanangu aliye Osaka alikuwa ananipigia kila jioni: "Mama, njoo, nakutumia tiketi." Nilimjibu kwamba mtambo ule niliukataa ulipokuja, siwezi kuukimbia sasa, nitamtazama nani usoni. Jirani zangu wa magharibi nao waliondoka kwa hiari yao, mmoja baada ya mwingine, na kufikia tarehe 14 upande wetu taa ilikuwa yangu peke yake. Mbwa waliacha kubweka. Sikujua kijiji kinaweza kunyamaza namna ile. Nilikuwa nafungua bomba la maji ili nisikie kitu. Nilikuwa najibu matangazo ya kipaza sauti kama mwendawazimu. Basi katika hali hiyo, kitu pekee chenye uhai nilichokuwa nakiona kwa siku ni taulo la mtu nisiyesemezana naye. Kama ningepiga simu tena na wakaja kumchukua, ningebaki na nini? Najua si jibu zuri, lakini ndilo nililonalo.

Kuanzia tarehe 15 nami nilianza kuanika. Ilikatazwa, najua. Nilianika aproni yangu ya buluu juu ya mwanzi, mbele ya nyumba, mahali inapoonekana kutoka ng'ambo. Haikuwa imefuliwa. Asubuhi nilianika, wimbo wa jioni ukipigwa nikaanua. Siku mbili za kwanza sikuona tofauti. Siku ya tatu taulo lilitoka dakika ileile niliyotoka mimi. Mlango wake ulifunguliwa kidogo, mkono ukatoka, ukafunga, ukarudi. Uso sikuuona. Sikupunga mkono, wala yeye hakupunga. Miaka kumi na tisa si mchezo.

Tarehe 21 niliumwa homa. Nililala mchana na wimbo wa jioni ukapita sikuusikia. Nilipozinduka kulikuwa giza. Nikakumbuka aproni, nikatoka nikiyumba. Mwezi ulikuwepo, na ng'ambo niliona kitu cheupe bado kiko langoni. Nikajua amekufa. Nikaanua aproni yangu huku nikimtazama. Sikumaliza kuikunja, na cheupe kile kikaondoka. Alikuwa amesimama gizani nyuma ya lango wakati wote ule, ananisubiri. Niliingia ndani nikakaa sakafuni nikalia mpaka nikatapika. Sikulia hivyo hata mume wangu alipofariki, kwa sababu siku ile nyumba ilijaa watu.

Mnamo tarehe 26 asubuhi alianika kama kawaida. Jioni wimbo ukapigwa, nikaanua. Taulo likabaki. Nikasubiri. Nikaianika aproni tena, nikaianua tena, labda hakuniona. Taulo likabaki. Usiku mvua ikanyesha, ile ambayo kipaza sauti kilisema tusiiguse. Kulipopambazuka tarehe 27 nililiona limening'inia, linachuruzika maji.

Saa mbili asubuhi niliondoka nyumbani nikiwa na mwavuli na kibarakoa, nikaenda kizuizini darajani. Nilimkuta Sajini Minagawa amevaa nguo nyeupe za kujikinga na mionzi, amesimama peke yake. Mazungumzo yetu anayajua, lakini nayasema.

Akasema: "Bibi, rudi ndani tafadhali. Kipimo kimepanda tangu mvua."

Nikasema: "Kwa Kurihata kuna mtu, na ameanguka."

Akatazama karatasi yake. Akasema: "Nyumba hiyo ina taulo, bibi. Haina mtu."

Nikasema: "Ndiyo maana nakwambia. Taulo limelala nje."

Akasema: "Taulo likiwa nje maana yake hakuna mtu ndani."

Nikasema: "Hiyo ni kwa karatasi yako. Kwa mtu wa hapa, taulo likilala nje maana yake hakuna wa kulianua. Wewe mama yako analaza nguo nje?"

Aligeuka akatazama ng'ambo. Namshukuru kwa kugeuka kule, kwa sababu niliona amewaza. Kisha akaita makao makuu kwa redio. Wakamjibu kwamba kuingia kunahitaji timu ya watu watatu wenye vipimo, timu ipo pwani, itapatikana kesho au kesho kutwa. Akasema: "Bibi, nikiingia bila amri nafukuzwa kazi."

Nikasema: "Basi baki. Nitaingia mimi. Nina miaka sabini na minne. Hiyo mionzi itanifanya nini, itanizuia kuolewa?"

Nikainama nikapita chini ya kamba. Nilisikia anaita, "Bibi! Bibi, wewe!" kisha nikasikia buti zake nyuma yangu. Sikugeuka. Nataka wakubwa wake wajue kwamba hakuvunja amri kwa kupenda. Alikuja kumkamata mvunja sheria, na mvunja sheria alikuwa anakwenda kwa Kurihata.

Lango halikufungwa kwa ufunguo. Mlango wa mbele nao haukufungwa. Bwana Kurihata alikuwa amelala karibu na mlango, chini ya kile kidato kimoja cha kuvulia viatu, mguu wa kushoto umepinda vibaya. Alikuwa amevaa kandambili mguu mmoja. Alianguka akienda kuanua. Alikuwa amejivuta mpaka mlangoni akashindwa kusimama. Ndani palikuwa na baridi kuliko nje. Mchele ulikuwepo, gesi ilikuwepo, na mbele ya picha ya mkewe palikuwa na kikombe cha chai kilichopoa. Koti la kamati lilikuwa limetundikwa ukutani, limenyooshwa.

Nilidhani tumechelewa. Sajini akapiga magoti akamshika shingo. Bwana Kurihata akafumbua macho, akaona mtu mweupe asiye na uso, akaogopa. Kisha akaniona mimi na mwavuli wangu.

Akasema: "Umechelewa, Tsuneko."

Ndiyo maneno ya kwanza aliyonipa kwa miaka kumi na tisa. Nikamjibu: "Wewe si ndiye uliyesema hakivuji?"

Sajini akatutazama kama wendawazimu wawili. Akamuuliza: "Mzee, ulijuaje atakuja?" Akasema: "Nililala hapa nikasikia wimbo wa jioni ukiisha. Nikasema basi, atahesabu. Huyu hajawahi kuniachia kosa hata moja." Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu. Nilimlowanishia kwa kitambaa na chai ya marehemu, nikimwomba radhi mwenye picha.

Gari la wagonjwa lilikataa kuvuka mpaka. Sajini alimbeba Bwana Kurihata mgongoni hadi darajani, mimi nikimshikia mguu na mwavuli. Njiani mzee alianza kukataa. Alisema ashushwe. Alisema aliwaahidi watu wote ukumbini atakuwa wa mwisho, na kwamba aliyewaambia ni salama hawezi kwenda kulala sakafuni mwa shule pamoja nao, akawaangalia wanavyopanga foleni ya supu. Alisema heri afe kwake. Alikuwa analia wazi, kama mtoto, na kamasi zinamtoka. Sijawahi kumpenda mtu huyu. Lakini pale darajani nilitamani nimfunike uso asionekane.

Nikamwambia: "Genzo. Nyumba zote za mashariki ni tupu, na za magharibi ni tupu. Imebaki yangu. Wa mwisho ni mimi. Wewe deni lako limekwisha, nenda."

Akainua kichwa akatazama kingo zote mbili. Akasema: "Kweli?" Nikasema: "Hesabu mwenyewe, mwenyekiti." Akaacha kukataa. Watu wa gari la wagonjwa wakampima, wakamvua nguo zote wakazitia kwenye mfuko wa plastiki, wakamfunga blanketi, wakamwondoa. Nimeambiwa yuko hospitali ya bara, mwendo wa saa nne kwa gari, na kwamba amepasuliwa mguu na anaongea. Sijui kama nitamwona tena. Katika umri wetu, aliyekwenda bara huwa amekwenda.

Hilo ndilo jibu la swali la wakubwa. Nilijua kwa sababu taulo halikuanuliwa. Kama wanataka kujifunza kitu, wajifunze kwamba alama ya kusema hakuna mtu isiaminiwe mpaka mtu abishe hodi. Bwana Kurihata alitunga utaratibu mzuri, na akaukwepa kwa taulo lake mwenyewe.

Nina jambo moja limebaki, na Sajini amesema halihusu shauri, lakini nimemwomba aliandike. Tulipoondoka kule, makao makuu yaliamuru kwa redio kwamba taulo libaki langoni, kwa kuwa sasa nyumba haina mtu kweli. Sajini aliliacha. Alitii amri, simlaumu. Lakini liko pale tangu siku ile, mchana na usiku. Naliona kutoka jikoni. Nimefunga pazia, bado naliona. Aproni yangu nimeiacha ndani, kwa sababu sina wa kumwonyesha. Jioni wimbo unapigwa, nasimama, halafu nakumbuka. Nilimwokoa mtu, na sasa ng'ambo hakuna mtu. Sikudhani vitu hivi viwili vitakuja pamoja.

Mimi siruhusiwi tena kuvuka daraja. Ninachoomba ni hiki: anayelinda kizuizi, saa kumi na moja ikifika, aende alianue. Asubuhi alirudishe, ili karatasi zao zibaki sawa. Ni kazi isiyofika hata dakika tano.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasema. Nimesomewa yote na hayakupunguzwa.

Alama ya kidole gumba ya shahidi: (imewekwa; muhuri wa jina lake, anaoutumia badala ya sahihi, ulipotea siku ya tetemeko)

MAELEZO YA OFISA

Nimeandika maelezo haya kwa mkono wangu na kumsomea shahidi, naye amekubali kuwa ni sahihi. Nathibitisha kuwa niliingia eneo lililofungwa tarehe 27 Novemba bila amri, na taarifa yangu ya jambo hilo imeambatanishwa. Shahidi alionywa kuhusu kuvuka kizuizi na kuhusu kuanika nguo nje. Alishauriwa kuhamia bara, amekataa. Ombi lake la mwisho haliko katika uwezo wa kituo hiki na halikujibiwa.

Shahidi aliondoka kituoni saa kumi jioni.

Nyongeza: Leo, wimbo wa jioni ulipokwisha, taulo limeanuliwa. Saa kumi na moja na dakika saba, kutoka langoni pale, ilionekana ng'ambo aproni ya buluu ikianikwa, kisha ikaanuliwa.

(Sahihi) R. Minagawa, Sajini
Kizuizi cha Daraja la Nagusa